Bampa la Veikko

Theluji imeyeyuka, na sasa naliona vizuri:
bampa la nyuma limeoza.
Si kwamba linaoza. Limeoza.
Miezi sita Calumet wanamwaga chumvi barabarani
kana kwamba lami ni nyama ya kukaushwa,
na pikapu hulamba kila punje.

Hili si la kiwandani. Lile la kiwandani
baba alilikunja kwenye kisiki,
akirudi nyuma gizani na tela la kuni,
redio ikimtangazia mpira wa magongo.
Akaenda hadi Green Bay, kwa mtu
aliyeuza mabampa nyuma ya kanisa,
akarudi na hili: jeusi, zito, pana kama benchi.
"Litatuzika sote," akasema.
Yeye limemzika.

Jumamosi nimetandika boksi, nimelala chali chini yake.
Boliti sita. Usiku kucha nimezinywesha mafuta.
Mbili zimetii.
Ya tatu imekatika shingo, ikaniachia kichwa mkononi
na maumivu ya kifundo hadi begani.
Nikaziacha zilizobaki zishike.
Haya, kama hutoki, tutakusugua hapohapo ulipo.

Beauchamp wa nyumba ya pili amekuja na kahawa yake,
amelipiga teke dogo, la daktari mvivu.
"Nunua jipya, Aila. Dola mia nne.
Rangi haipakwi juu ya hewa."
Kisha akasimama pale pale, dakika arobaini,
asinipe hata mkono.

Grainda ikaanza kulia.
Cheche zikaruka hadi kwenye ndoo ya majivu,
vumbi jekundu likaingia puani, likawa na ladha ya damu.
Na chini ya kutu, naapa, chuma!
Cheupe, kikavu, kinang'aa kama jino.
Nikapata tamaa. Nikasogea kushoto,
karibu na taa ya namba,
pale palipokuwa laini kuliko kote,
pale rangi ilipokuwa nzuri mno.

Diski ikazama.
Haikutoa cheche. Ilitoa unga, waridi, kama chaki.
Pati.
Pati nene ya vidole viwili, imesawazishwa kwa mkono wa subira,
na nyuma yake, kuzuia isidondoke,
kipande cha kibao cha namba cha mwaka tisini na nane,
kimekatwa kwa mkasi wa bati, kikabandikwa.
Kikulacho ki ndani ya rangi yako.

Kwa sababu aliniuzia gari hili, yule mzee.
Mimi, bintiye. Kwa bei kamili.
Nilipouliza kuhusu kutu
alilipiga bampa kofi, upande wa kulia,
akanitazama usoni kwa macho yake ya maji ya barafu:
"Sikia linavyolia!"
Na kweli lililia. Upande wa kulia.

Nimecheka mpaka Beauchamp akaondoka.
Halafu nikakaa kwenye ndoo, na sikuwa nacheka.

Kesho saa nne anakuja kijana wa akina Maki kulitazama.
Ana pesa za kuondoa theluji kwenye paa za watu,
baridi nzima, noti moja moja.
Nyuma yangu rafuni kuna kopo la pati, halijafunguliwa.
Kuna rangi nyeusi, mikebe miwili.
Usipoziba ufa, wanasema. Najua wanavyosema.
Nami mkono wa kusawazisha ninao;
nimeurithi, pamoja na haya macho.

Nimelifungua kopo. Nimelinusa.
Lina harufu ya gereji yake, ya koti lake la kazini,
na hilo ndilo lililokaribia kunishinda.

Nimelifunga.

Palipo na chuma nimepaka praima, kisha nyeusi, mara mbili.
Shimo nimeliacha wazi; ngumi inapita.
Kile kibao nimekitundika juu ya msumari.
Na kwenye karatasi ya kioo cha mbele
nimekata bei: nimetoa mia nne, za bampa.
Nikaondoka, nikarudi na kalamu,
nikatoa hamsini nyingine,
za baba.